Shajara ya mradi: rangi za udongo kwa darasa la sanaa, Kondoa 2024

Naiweka shajara hii kwa ajili ya mwalimu yeyote aliyekabidhiwa somo la sanaa na chumba kitupu. Mimi nafundisha Historia na Kiswahili. Sanaa nilipewa kwa sababu niliigusa kidogo chuoni na hapakuwa na mwingine wa kuichukua. Shule yetu ni ya kata, iko wilayani Kondoa, na darasa lina wanafunzi 17 wa kidato cha pili. Tuna vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, vilivyounganishwa. Vipimo nimeviandika kwa vijiko na vikombe, kama tulivyovitumia, maana mizani hatuna.

22 Januari: fungu la mwaka

Ofisi imetoa shilingi 60,000 kwa mwaka mzima. Nilikwenda Dodoma nikanunua seti moja ya rangi za maji, vikopo 12, kwa 18,000, na karatasi 20 za manila kwa 10,000. Rangi zile ziliisha katika vipindi viwili. Nyekundu na bluu ziliisha kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili watoto waligombania nyeupe mpaka kikopo kikamwagika.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza na ndilo ghali kuliko yote yaliyo humu. Nilinunua kabla ya kupiga hesabu. Watoto 17, picha moja kila wiki mbili, hakuna seti ya madukani ambayo shule ya kata inaweza kuilisha darasa hilo hadi Novemba. Zimebaki 32,000 na sitanunua seti nyingine. Tutatengeneza wenyewe.

Wazo silo langu. Kilomita ishirini na kitu kutoka Kondoa mjini, barabara ya kwenda Babati, kuna michoro ya mapangoni ya Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wale waliochora hawakuwa na duka. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga naye alianza na rangi za kupakia baiskeli na vipande vya ubao, alivyoweza kuvipata Dar es Salaam. Niliwaambia watoto hivyo, na mmoja akauliza swali la maana: "Mwalimu, sasa sisi hapa tuna nini?" Nikawaonyesha dirishani. Korongo.

5 Februari: udongo

Atakayesoma akiwa mbali aelewe kwamba Kondoa ni nchi ya makorongo. Mmomonyoko ulikula vilima hivi kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Babu zao watoto hawa wanakumbuka ng'ombe walivyohamishwa. Lakini korongo ni kama kitabu kilichofunuliwa: ukisimama chini unaona udongo mwekundu, chini yake wa njano, chini zaidi wa kijivu. Tulichukua kila aina kwenye mifuko ya salfeti, tukaandika ulikotoka.

Jaribio la kwanza tuliponda udongo kwenye kinu, tukachanganya na maji, tukapaka. Karatasi ilikwaruzika kama iliyopigwa msasa, na ilipokauka ukiipuliza tu rangi inaruka. Matatizo mawili kwa mpigo: mchanga, na kukosekana kwa kitu cha kuishikisha rangi.

Mchanga tuliumaliza hivi. Ndoo mbili za mtumba, 6,000. Udongo uliopondwa unaingia kwenye ndoo ya kwanza, unajazwa maji, unakorogwa sana. Unahesabu pole pole hadi 30. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, umeshakaa chini. Unamimina yale maji yenye tope kwenye ndoo ya pili, unaacha mashapo ya chini. Usiku kucha tope linatulia, asubuhi unamwaga maji yaliyobaki juu. Kilichobaki ni laini kama uji wa mtoto mchanga. Unakianika kwenye sinia, kikikauka unakisaga tena.

Tulipohesabu hadi 10 tu, mchanga ulipita. Tulipohesabu hadi 100, tulipoteza nusu ya rangi. 30 ndiyo inayofaa kwa udongo wetu, na wa kwako utakuwa na hesabu yake.

Zimebaki 26,000.

19 Februari: mayai

Nilisoma kwamba wachoraji wa zamani wa Ulaya walishikisha rangi kwa kiini cha yai. Mayai sita, 2,400. Unatenga kiini, unakichanganya na maji kidogo na unga wa udongo. Siku ile ilikuwa ya furaha. Rangi ilishika, iling'aa kidogo, nyekundu yetu ilikuwa nyekundu kweli.

Siku ya tatu chumba kilinuka hadi ofisi ya walimu. Nilikuwa nimetengeneza kikombe kizima kwa kila rangi ili kuokoa muda, na Februari hii ni ya joto na mvua pamoja. Juu ya hapo, nilizipanga picha moja juu ya nyingine kabla hazijakauka sawasawa. Zilishikana. Tulizibandua kwa kisu na picha sita zikachanika. Mtoto aliyekuwa amechora bibi yake akipeta mtama alishika vipande viwili mkononi bila kusema neno. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa, na tangu siku hiyo picha zinaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, hata ziwe ngapi.

Yai linafaa, lakini kwa rangi ya kipindi kimoja tu, kiini kimoja kwa watoto wanne. Kuzuia kuoza nilinunua siki ya 1,600, nikaagiza kila kopo litiwe matone machache. Agizo hilo lilikuja kunigharimu baadaye.

Zimebaki 22,000.

14 Machi: gundi ya mgunga

Ramadhani imeanza juzi, na wengi darasani wamefunga, mimi pia. Kazi za kupondaponda juani nimezisogeza hadi Aprili. Sasa tunashughulika na gundi, ambayo ni kazi ya kivulini.

Migunga imejaa huku na vijana wachungaji huikusanya gundi yake, vipande vya rangi ya asali vinavyoganda kwenye gome. Nusu kilo kwa 4,000. Nilivitumbukiza vizima kwenye maji baridi nikasubiri. Siku mbili baadaye nje vilikuwa makamasi na ndani bado mawe. Dawa yake: vitwange kwanza viwe unga, weka kikombe kimoja cha unga kwenye vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, acha ilale, kesho yake chuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Kanga inazuia magome na wadudu.

Kiasi cha gundi ndicho kilichotula muda. Ikiwa kidogo, rangi inabaki mkononi ukiigusa. Ikiwa nyingi, inapasuka ikikauka na kubanduka kama gamba. Tulijaribu mara saba kwenye vipande vya manila, kila kipande kikaandikwa idadi ya vijiko. Tulichobaki nacho: vijiko vitatu vya unga wa udongo laini, kijiko kimoja na nusu cha maji ya gundi, maji ya kawaida mpaka rangi ifuate brashi.

Bado ilikuwa inapasuka palipopakwa nene. Asali huilainisha, kwa hiyo nilinunua chupa ndogo ya 3,000 nikatia kijiko kizima kwenye kila kopo, na usiku sisimizi wakaja. Asubuhi tulikuta msafara umepanda mguu wa meza, umepita kwenye picha mbili zilizokuwa bado mbichi, umetoboatoboa nyekundu yote. Asali inayotosha ni matone matatu kwa kopo, basi. Na meza sasa imesimamishwa kwenye makopo manne yenye maji, kama mama zetu wanavyofanya na kabati la chakula.

Zimebaki 15,000.

22 Aprili: moto, masizi, na bluu iliyokufa

Baada ya Idi tumerudi na nguvu. Entri hii ni ndefu kwa sababu mambo matatu yalitokea katika wiki mbili.

La kwanza ndilo lililowashika watoto kuliko somo lolote nililowahi kufundisha. Tulitia unga wa udongo wa njano kwenye kikaango kikavu, tukakiweka juu ya jiko la mkaa, tukawa tunageuza kwa mwiko wa zamani. Dakika kumi za kwanza hakuna kitu. Kisha pembeni mwa kikaango, pale penye moto zaidi, njano ilianza kuiva ikawa rangi ya chungwa, halafu ya tofali, na duara la njano lililobaki katikati likawa linapungua kama barafu. Baada ya kama nusu saa kikaango kizima kilikuwa chekundu, na hata kilipopoa hakikurudi njano. Mwalimu wa Kemia niliyemwita alieleza: ule njano ni kutu ya chuma iliyoshikamana na maji ndani yake, moto unayafukuza maji, kutu inabaki nyekundu. Wanafunzi waliokuwa wanamkimbia darasani kwake walimzunguka wakimuuliza maswali. Ukitoa mapema unapata rangi ya chungwa, ukichelewa unapata nyekundu nzito. Udongo mmoja umetupa rangi nne.

La pili ni nyeusi. Mkaa uliosagwa una chembechembe, tukasema basi tuchukue masizi ya sufuria na taa ya kibatari, ni laini kama poda. Masizi yalikataa maji. Yalielea juu, ukikoroga yanarudi juu, ukiyashika yamekupaka mpaka kiwiko. Tulipoteza kipindi kizima. Fundi rangi wa magari pale kituoni alinipa jibu: yalowanishe kwanza kwa spiriti. Chupa ndogo, 1,500. Matone kadhaa, masizi yanazama yenyewe na kugeuka kuwa tope, ndipo unatia gundi. Nyeusi yetu sasa inaishinda ile ya Dodoma. Spiriti inashikwa na mimi peke yangu, na jiko linakuwa limezimwa.

La tatu ni bluu. Hakuna udongo wa bluu Kondoa. Mwanafunzi mmoja alileta bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashati meupe ya shule, pakiti ya 500. Iliposagwa na kutiwa gundi ilitoa bluu nzuri ajabu, tukashangilia. Wiki iliyofuata kopo lilikuwa limefifia kuwa kijivu na linanuka yai bovu, wakati yai hatukutia. Nilihangaika siku tatu nikidhani maji yamechafuka. Kumbe ni siki yangu. Bluu ya namna hii haistahimili asidi, na ukiitia inavunjika na kutoa ile harufu. Ndiyo maana udongo haukudhurika, bluu tu. Siki nimeipiga marufuku kwenye makopo yote. Badala yake tunachemsha karafuu, za 500, na maji yake ndiyo yanayoyeyushia gundi. Mpaka leo hakuna ukungu.

Nyeupe tumepata bure, vipande vya chaki vilivyokanyagwa darasani. Tahadhari moja: ikiwa mbichi haionekani kabisa, watoto walidhani wamepaka maji. Subiri ikauke. Bado ni dhaifu, haifuniki nyekundu.

Zimebaki 12,500.

11 Mei: Kolo

Jumamosi. Gari la kukodi 60,000, zilizochangwa na wazazi na walimu. Hizo haziko kwenye hesabu ya mradi. Watoto wote 17 walikwenda.

Kabla ya safari mzazi mmoja alikuja ofisini. "Mwalimu, mimi mtoto nimemleta asome. Kuchora anaweza kuchora hata nyumbani." Nilimkaribisha kiti. Nikamweleza habari za Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyezaliwa mwaka 1923, akasomea uchoraji Makerere na kufundisha huko, na nchi ilipopata Uhuru akawa mwakilishi wetu London. Picha yake ya mwaka 1956 iko katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Alisikiliza, akauliza kama sanaa ina mtihani wa taifa kama masomo mengine. Nikamjibu kwamba ina mtihani, na unataka nadharia na vitendo vyote viwili. Akatoa mchango wake. Simlaumu hata kidogo. Anataka kujua mwanawe anapelekwa wapi, na ni haki yake kuelezwa.

Kupanda mlimani ni jasho. Tulionywa tusiguse wala kumwagia maji, maana kuna watu hulowanisha mwamba ili rangi ionekane kwa picha, na hivyo ndivyo inavyoharibika. Kwenye mwamba kuna watu warefu wembamba, vichwa vyao vikubwa, na wanyama. Nyekundu ni ileile. Watoto waliitambua kabla sijafungua mdomo. Mmoja alinong'ona, "Hii imechomwa," akiwa na maana ya udongo, na wakaanza kubishana kwa sauti ya chini kama ni ya kuchoma au ni ya korongoni moja kwa moja. Sikuingilia. Ninachoweza kusema ni kwamba walisimama mbele ya ule mwamba dakika arobaini, na hawa ni watoto ambao picha ya kitabuni waliipa sekunde tano.

Niliwaambia pia kwamba mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku miezi kadhaa akiinakili michoro hii kwa mkono. Kunakili huko kulizaa kosa langu lililofuata.

8 Julai: kosa kubwa kuliko yote, na si la rangi

Rangi zilipokuwa tayari nilidhani kazi imekwisha. Baada ya safari, Mei yote iliyobaki, watoto walichora watu wembamba wa Kolo. Kabla ya hapo walichora twiga na tembo wa kalenda. Picha zilikuwa nzuri, nikazipa 80 na 85, nikazibandika ukutani.

Kisha mtihani wa muhula nikaweka mtungi wa maji juu ya stuli, chini ya dirisha, nikasema wachore wanachokiona. Wakachora mtungi wa kitabuni. Mdomo wake duara kamili kana kwamba wanautazama kutoka darini, chini umekaa kwenye mstari ulionyooka, kivuli hakuna. Waliokaa kulia na waliokaa kushoto walitoa mtungi uleule. Mwanafunzi niliyempa 85 alichora bila kunyanyua macho hata mara moja. Nilikuwa nimewapa alama za kunakili na kuziita alama za kuchora.

Nilitumia likizo nikilifikiria hili. Muhula huu nimebadilisha mambo matatu. Kwanza, hakuna picha ya kuigiza mezani. Pili, dakika kumi za mwanzo ni macho tu: kalamu chini, tunasema kwa zamu tunachokiona, na huruhusiwi kutaja jina la kitu. Husemi "mkono wa birika". Unasema "nafasi ya ndani ina umbo la jani, imenyooka upande wa juu". Tatu, alama 40 kati ya 100 ni za mazoezi ya penseli, hata yawe mabaya, ilimradi yanaonyesha kwamba mtoto alirekebisha.

Nadharia inaandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi huo ni ukuta wa pili. Ninachofanya ni kwamba kila jambo tunalijadili kwanza kwa Kiswahili mpaka lieleweke, ndipo tunaliandika ubaoni kwa lugha ya mtihani, maneno matano kwa wiki, si zaidi.

5 Agosti: kivuli

Mtungi uleule, dirisha lilelile. Binti mmoja ambaye kwa kawaida hasemi aliniita. "Mwalimu, kivuli si cheusi." Nilichuchumaa pembeni ya kiti chake ili nione alichokuwa anakiona. Ukuta wetu una vumbi jekundu, na kivuli cha mtungi juu yake kilikuwa cha hudhurungi, karibu na mtungi kikielekea zambarau, pembeni kikififia kuwa rangi ya matofali mabichi. Nimefundisha katika chumba kile miaka minne.

Alichanganya nyekundu ya kuchoma na bluu ya kufulia, tone la masizi, akajaribu pembeni ya karatasi mara tano. Ya tano ndiyo. Aliweza kuijaribu mara tano kwa sababu rangi ni ya udongo na ndoo imejaa. Kwa vikopo vya Januari ningemwambia asipoteze rangi.

Karatasi zingine 20 za manila, 10,000. Zimebaki 2,500.

27 Septemba: baada ya mahafali, na yaliyobaki

Kwenye mahafali ya kidato cha nne tulining'iniza picha 34 kwenye kamba, mbili kwa kila mtoto: moja ya kabla ya Julai, moja ya baada. Chini yake tuliweka makopo na udongo wenyewe, kila mmoja na kibandiko cha ulikotoka. Wazee walisimama kwenye udongo muda mrefu kuliko kwenye picha. Babu mmoja alichota wa njano, akausugua kati ya vidole, akatuambia upo mzuri kuliko huo chini ya kisima cha zamani kijijini kwao, akaahidi kututumia kwa mjukuu wake. Shikamoo yake niliirudia mara mbili.

Yaliyogoma bado: nyeupe haifuniki. Bluu ya kufulia si zote zinafanana, pakiti ya aina nyingine ilivuja na kugeuka rangi ya nguo, kwa hiyo jaribu kijiko kimoja kabla ya kutengeneza kopo. Brashi za manyoya ya mbuzi tulizofunga kwa uzi zinapukutika. Za ncha ya mswaki iliyotafunwa zinadumu lakini hazitoi mstari mwembamba. Manila inajikunja ikilowa, na kuipaka uji mwembamba wa unga wa ngano kabla ya kuchora kumesaidia kwa kiasi, ila mende wanaupenda.

Kati ya 17, watoto 11 wamejaza fomu ya kuendelea na sanaa kidato cha tatu. Yule mzazi wa mwezi Mei ni mmoja wa waliosaini.

Udongo wa babu umefika jana, mfuko wa kilo mbili, umefungwa kwa kamba ya katani. Tumehesabu hadi 30 na mchanga ukapita. Kesho tunajaribu 45.